Herufi Tatu

Dirishani, Posta, karani aliinua macho:
"Jina la baba wa mtoto?"
Jaa.
"Jaha?"
Jaa.
"Jafari, kwa kirefu?"
Kirefu chake ni hicho, dada. Herufi tatu,
na mbili kati yake ni moja.

Foleni ilikuwa ndefu, sikumweleza.
Nakueleza wewe uliyelala nyumbani,
wa siku kumi na mbili, usiye na haja bado na maana.

Kabla yangu walikuwa wawili.
Lali aliishi mpaka akajua kucheka.
Msellem hakufika arubaini.
Majina mazuri, ya mababu, yaliyosomewa dua;
na mauti, walisema wanawake wa Kuze,
yana jicho la sonara:
hupita nyumba hadi nyumba
yakichagua king'aacho.

Basi mimi sikung'arishwa.
Sikutiwa wanja, sikufukizwa udi.
Alfajiri moja bibi yako alinilaza ungoni,
akanipeleka nyuma ya kichinjio cha kuku
penye maganda ya mihogo, vichwa vya papa,
kandambili moja isiyo na mwenzake.
Akaniweka. Akageuka. Akaenda hatua saba
(wengine husema tatu; yeye asema hakuhesabu).

Bi Mwanashee, muuza mahamri, akatokea uchochoroni
kama mpita njia, ndoo mkononi:
"Aa! Nani katupa hiki? Kibaya,
hata paka hawakitaki."
Akabisha mlango wetu.
"Nimeokota kitu jaani. Mwakinunua?"
Mama akalia bei, kama yuko sokoni,
machozi yakimtoka kwelikweli.
Wakapatana thumuni.

Ndivyo nilivyonunuliwa na aliyenizaa.

Skuli walinipokea vizuri:
"Jaa, nzi wako wamefika!"
Ustadhi wa madrasa akasema jina jema ni haki ya mtoto,
akanitazama kama deni la mtu mwingine.
Nilimnunia mama mwaka mzima.
Darasa la saba nikafungua kamusi nijione nilivyo,
na kweli nilikuwemo: mahali pa kutupia taka.
Lakini chini yake nilikuwemo tena:
kaskazini; nyota isiyohama,
ambayo nyota nyingine huizunguka.
Nikaifunga kamusi upesi
kama mtu aliyeokota pochi.

Miaka ikapita ndipo nikaambiwa
kwamba kwetu Mombasa nyota hiyo haionekani,
imelala chini ya upeo.
Nilicheka peke yangu barabarani, pale Makadara.
Hata huko juu walinificha.

Maana ya tatu haikuhitaji kitabu.
Baada yangu alikuja Zuhura, akakaa.
Akaja Omari Kheri, akakaa. Kisha pacha.
Usiku mama akihesabu viatu mlangoni
alisema, "Imejaa,"
nami, nusu usingizini, nikaitika
nikidhani naitwa.

Bi Mwanashee alikufa Shaabani iliyopita.
Waoshaji walikuta fundo katika pindo la leso yake,
ndani yake thumuni, imekuwa nyeusi.
Mwanamke yule alikopa unga, alikopa mafuta,
kuna Ramadhani alikaanga mahamri kwa kuni za milango mibovu;
hiyo hakuigusa.
Walinipa mimi. Hawakuniuliza kama naijua.
Nilibeba jeneza lake hadi Kikowani,
na bega langu sikulipokezana na mtu.

"Na jina la mtoto?" akauliza karani.
Twalibu. Mamako alilipenda, nami nalipenda:
ni jina la kuingilia mlango wa mbele.
Lile la nyuma ni langu, 
la kutokea uani ukitafutwa.

Nililipa kwa noti. Thumuni ilikuwa mfuko wa pili.
Karani akanigeuzia kioo cha kompyuta:
"Tazama kama ni sawa."
Nikatazama. Mtu akakohoa nyuma yangu,
na mwingine.
"Mzee, ni sawa?"
Ni sawa.